Fenda mbili za Pijo 404

Jumamosi niliongea mbele ya mafundi bodi na rangi hapa Kizota, Dodoma, wengi vijana, pamoja na wenye magari wachache waliokuja kusikiliza. Watu wameomba maandishi, kwa hiyo nimeandika karibu kama nilivyoongea, nimetoa tu kukohoa na ile sehemu jenereta ilipozima tukabaki tunaangaliana.

Mbukwenyi wote. Huko nyuma mnanisikia? Nyie mliojibanza kwenye lile Fuso sogeeni huku chini ya mwarobaini, kivuli kipo na mi leo sina mpango wa kupaza sauti, hiki kifua kimekula vumbi la puti, ile ya kusawazishia bodi, karibu miaka thelathini, kinastahili heshima kidogo.

Nimeombwa niongelee kazi ya bodi. Nikawaambia walionifuata, kazi ya bodi ni kubwa, nikianza na bampa ya mbele jua litazama kabla sijafika buti, niacheni niongelee fenda, lile bati linalofunika tairi ya mbele. Tena sio fenda zote, fenda mbili tu, ya kushoto na ya kulia, za ile pikapu ya Pijo 404 iliyokaa uani kwangu miezi saba mkawa mnapita mnanitania eti fundi umefungua makumbusho, kiingilio shilingi ngapi.

Kwa wadogo ambao Pijo mnaisikia tu kwa wazee: 404 ilitoka mwaka 1960, umbo lake lilichorwa na Waitaliano wa Pininfarina, injini lita 1.6 imelazwa upande kama mtu aliyeegemea ukuta, gia ziko kwenye usukani. Jina lake huku kwetu lilijengwa na Safari Rally. Ilishinda 1963, ikarudi ikachukua 1966, 1967 na 1968 mfululizo, na hizo za 66 na 67 dereva alikuwa Bert Shankland ambaye alikuwa anaishi hapahapa Tanzania, sasa hebu fikiria wazee wetu walivyokuwa wanatembea kifua mbele. 1963 na 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu, mengine yote yaliishia kwenye matope huko. Zile za mashindano zilikuwa gari ndogo za kawaida sio pikapu, lakini pikapu ilipokuja ilikuja na sura ileile, mbele Pijo, nyuma unapakia unachotaka.

Mwenye hii ni mzee wa kule Mvumi. Ameiendesha tangu enzi zile CDA, ile mamlaka ya kujenga makao makuu, inapima viwanja na Dodoma ukivuka reli tu umeingia porini. Imebeba mapipa ya maji, imebeba mbuzi kupeleka mnada wa Msalato, miaka ya karibuni ikawa inabeba zabibu, halafu ikasimama kabisa. Kijana wake ndo aliyeileta, iko juu ya lori, matairi yote bapa, akaniambia fundi, nyoosha, piga rangi, mzee aione inang'aa, una wiki tatu.

Sikubishana naye, nikachukua sumaku.

Hii hapa. Inatoka kwenye spika ya redio iliyoungua, nimeizungushia kipande cha kanga ili isichubue rangi. Hiki ni kifaa cha bei rahisi kuliko vyote nilivyonavyo na ndicho kimeshanigombanisha na watu wengi zaidi. Nikaweka kwenye boneti, ikanata, tap. Nikaweka kwenye mlango, tap. Nikaja fenda ya kulia juu ya taa, tap, sawa, nikaanza kuivuta taratibu kuelekea pale juu ya tairi, nikasikia mkono unakuwa mwepesi, yaani ile nguvu ya kuvuta inapungua kama mtu anayekuachia mkono kidogokidogo, halafu ikateleza ikaanguka mchangani. Nikajaribu pembeni, ikaanguka. Nikashuka hadi kwenye ukingo wa tairi, ikaanguka. Karibu nusu ya fenda haikuwa bati. Nikagonga na kifundo cha kidole, bati linalia kama bati, pale pakawa panalia kama unagonga ubao wa mlango.

Tukaweka grenda na brashi ya waya. Kwanza rangi nyeupe, chini yake kijivu, chini yake bluu, na chini kabisa kwenye kona ile rangi ya kiwandani, kijani iliyopauka. Halafu puti. Jamani. Puti nene kama andazi. Kijana wangu akaingiza bisibisi likatoka pande zima, ndani kuna wavu wa kuku, na nyuma ya wavu limesokotwa gazeti ili puti isidondoke ndani wakati inakauka.

Nikaanza kumsema huyo fundi. Mnanijua mdomo wangu. Nikasema huyu sio fundi huyu ni mwizi, wavu wa kuku kwenye gari la mtu, vijana wanacheka, mi nafungua lile gazeti taratibu kutaka kuona ni la lini. Lilikuwa la Oktoba 1999. La msiba wa Mwalimu. Na ule wavu umekunjwa ncha kwa ndani, mara mbili mbili, na koleo. Hapo nikanyamaza, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa nakunja wavu mimi.

Ndo hivyo. Ile kazi ni yangu. Nilikuwa kijana kwenye gereji ya watu, ile wiki magazeti yalikuwa kila mahali, na hata yule mzee nikaja nikamkumbuka, alikuja na mbuzi wawili nyuma akasema hana haraka. Yeye hakuwa na haraka, mimi ndo nilikuwa nayo. Miaka yote hiyo kila alipoiosha pikapu yake alikuwa anasugua gazeti langu.

Kwa hiyo leo siwafundishi kama mtu msafi. Nawaambia nilichokuta nilipofungua kazi yangu mwenyewe, na nilichofanya safari hii.

Tuanze na kuoza kwenyewe, maana hapa Dodoma watu wanasema mvua hakuna bwana, gari haliozi. Ni kweli mvua zetu ni za Desemba mpaka Aprili hivi, tena haba, na ukipeleka gari Tanga au Dar utaona tofauti. Lakini fenda haiozwi na mvua inayopiga juu. Inaozwa na kinachokaa ndani. Tairi inarusha udongo, udongo unapanda unakaa kwenye kale karafu nyuma ya taa na kwenye ile kona ya nyuma karibu na mlango, unakauka unakuwa tofali. Mvua moja ikinyesha, au ukiosha gari mara moja, lile tofali linanyonya maji na kuyatunza wiki nzima wakati wewe huku nje unaona gari limekauka linang'aa. Halafu weka na haya ya kwetu, maji yetu mengi ya visima yana chumvi, mnajua wenyewe chai ya maji ya kisima inavyokuwa, na hayo ndo unaoshea gari miaka ishirini. Weka na mkojo wa mbuzi na ng'ombe, nao una chumvi, unachuruzika kutoka nyuma gari likiwa kwenye mteremko. Kutu ikishaanza haikai kimya, inachukua nafasi kubwa kuliko kile chuma ilichokula, kwa hiyo inavimba, inasukuma rangi kwa nje, na wewe ukiona kale kalengelenge kadogo kama upele juu ya fenda ujue upande wa ndani pameshaisha zamani, ile unayoiona ni ya mwisho sio ya kwanza.

Kuzitoa fenda. Fenda za mbele za Pijo zimefungwa kwa bolti, hazijachomelewa, na hiyo ni baraka, lakini bolti zimekaa humo miaka mingi hazijaguswa. Kijana wangu akashika spana ndefu akaweka bomba kwa mbele aongeze nguvu, nikamwambia weka chini. Ukikata kichwa cha bolti umejiongezea kazi ya siku mbili za kutoboa. Tulifanya hivi: pasha moto bolti na gesi, sio hadi nyekundu, ipate joto tu, halafu gusisha mshumaa. Nta inayeyuka inanyonywa yenyewe inaingia kwenye nyuzi za bolti, utaiona kabisa inapotea. Subiri ipoe, kaza kidogo kwanza, ndiyo, kaza, halafu ndo legeza, nenda mbele rudi nyuma. Zilikatika tatu tu, na mbili kati ya hizo nilikata mimi kwa kiburi.

Fenda ya kushoto ilipotoka ilimwaga udongo ndoo nzima ya lita kumi, ndoo ile ya rangi mnayoijua. Ndani ya udongo kuna kiota cha panya kimekauka na maganda ya karanga. Mzee mmoja wa Kongwa aliyekuwa amekaa kwangu anasubiri taa zake akasema hizo karanga ni za Waingereza, akimaanisha ule mradi wao wa karanga wa mwaka 1947 pale Kongwa, walioleta mitambo mpaka vifaru vilivyogeuzwa matrekta na ukafa 1951 bila karanga za maana. Tulicheka.

Sasa kutu. Kuna wanaotumia maji ya betri, asidi ile, nawaomba muache. Inakula kutu kweli, lakini inaingia kwenye maungio pale bati mbili zimebebana, huwezi kuitoa yote, na inaendelea kula baada ya wewe kulipwa. Mimi nilitumia umeme. Nilichimba shimo uani, urefu wa fenda, nikatandika turubai la nailoni, nikajaza maji kama lita 200, nikaweka soda ashi kama robo tatu ya kilo. Chaja ya betri ya volti 12. Waya wa hasi unaingia kwenye fenda. Narudia, hasi kwenye fenda. Chanya unaiweka kwenye vyuma vya kutupa, mimi nilitumia vipande vya nondo nikavipanga kuzunguka bila kugusana na fenda. Usitumie stenlesi, zile sufuria na vijiko vinavyong'aa, humo kuna kromu na inatoa sumu kwenye maji. Na fanyeni nje, pasipo na moto wala sigara, kwa sababu vile vipovu ni haidrojeni, inalipuka.

Kwa nini narudia hasi? Fenda ya kwanza niliiacha asubuhi kwa kijana, nikaenda Majengo sokoni kutafuta bolti, nikakaa huko, nikanywa na supu. Nimerudi saa saba, maji mekundu, nondo zangu safi kama mpya, fenda inaliwa. Alikuwa amegeuza waya. Ule ukingo wa chini ambao ulikuwa bado mzima ukawa umebaki kama karatasi. Sikumpiga wala sikumtukana, nani ningemtukana baada ya lile gazeti? Tukaweka alama, waya wa fenda nikaufunga kitambaa cheusi, na nikamfundisha kuangalia vipovu, ukiona vipovu vingi vinatoka kwenye fenda uko sawa, ukiona vingi viko kwenye nondo zima haraka.

Baada ya siku moja na nusu unaitoa imekuwa nyeusi, ule weusi unatoka kwa brashi, chini yake chuma cha kijivu kisafi na matundu yote yako wazi unayaona. Hapo ndo utajua ukweli. Matundu kama ya chujio la chai. Kausha papo hapo, kwa hewa ya kompresa na jua, maana chuma kitupu kinapata kutu ya njano ndani ya dakika. Na usisuuze kwa maji ya kisima! Hapa ndo wengi tunapokosea. Maji yakikauka chumvi inabaki juu ya bati huioni, unapiga praima juu yake, unapiga rangi, gari linatoka zuri, miezi sita baadaye malengelenge. Mteja anasema rangi feki, wewe unasema rangi feki, duka la rangi linatukanwa bure. Mi nakinga maji ya mvua kwenye simtanki, ni ya kazi hii tu, mtu akinawia miguu tunakosana.

Kukata na kuchomelea. Kata mpaka uone bati linalong'aa pande zote, ongeza sentimita mbili au tatu zaidi hata kama roho inauma. Bati la fenda hii nilipima ni karibu milimita 0.9, hiyo ni geji 20. Nyie mnaojua geji kwa mabati ya nyumba, 28, 30, mnajua namba ikiwa kubwa bati ni jepesi, ndo hesabu ileile. Kiraka kiwe unene uleule. Ukiweka geji 18 ni ngumu kuikunja na itavuta bati la jirani, ukiweka jepesi utalitoboa kwa moto. Mimi nilikata kwenye paa la gari kuukuu, chuma cha gari kwa chuma cha gari. Na msiweke bati la nyumba kwenye fenda, lile limepakwa zinki, ukilichomelea ule moshi mweupe ukiuvuta jioni unatetemeka kama una malaria, mdomoni utamu utamu wa ajabu, unakwenda kupima malaria hakuna. Mimi imenipata mara mbili.

Kiraka kinachongwa kwanza kwenye boksi, unakata boksi likae sawasawa kwenye tundu ndo unahamishia kwenye bati. Na kikae ukingo kwa ukingo, kisibebane juu ya mwenzake. Mkibebanisha mnatengeneza mfuko, maji yanaingia katikati hayatoki, mmeanzisha kutu mpya siku ileile mnayotibu ya zamani. Mashine iwe MIG, ile ya waya, au gesi kwa anayejua gesi. Ile ya elektrodi ya kuchomelea mageti iacheni kwenye mageti. Weka tone moja huku, ruka nenda upande wa pili, ruka rudi katikati, shika kwa mkono, kama pana joto la kukuunguza subiri. Subiri. Kaanga hata mihogo. Moto ukizidi sehemu moja bati linakunjika, na fenda ya Pijo ina ule mgongo mrefu mpaka kwenye taa, ukiukunja kidogo tu mtu aliye ng'ambo ya barabara anauona.

Ilikunjika kidogo, ndiyo. Pale juu ya tairi ya kulia bati likawa linacheza, ukilibonyeza linaingia, po, ukiachia linatoka, po. Maana yake bati limetanuka likawa refu kuliko nafasi yake. Wengi hapo mnaongeza nyundo, na nyundo inalirefusha zaidi, ni kama kukanda unga. Dawa yake ni kulipunguza. Pasha nukta moja ndogo, ukubwa wa sarafu ya shilingi hamsini, hadi iwe nyekundu, shikilia doli, kile chuma cha kukingia bati, kwa nyuma, gonga taratibu kuzunguka ile nukta kuelekea katikati, halafu bandika tambara la maji, tsss. Linajivuta. Nukta tatu zilitosha, ya nne ningeiharibu. Hii kazi inahitaji sikio kuliko jicho, nyundo ikikutana na doli bati likiwa katikati inalia kali, ting, na ukipiga pasipo na doli inalia nzito. Zimeni redio mnaponyoosha bodi. Najua hamtazima.

Kabla hamjaniuliza Landrova: zile fenda zake ni aluminiamu, tangu zilipotoka 1948 Uingereza chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita wakatumia walichonacho. Sumaku haitanata kabisa, usije ukamwambia mzee wa watu gari lake lote ni puti. Kuna mzee pale Area C alitaka kunipiga. Na ukitaka kuinyoosha inakuwa ngumu inapasuka, kwa hiyo ilainishe kwanza: paka sabuni ya mche, pasha moto taratibu mpaka sabuni iwe ya kahawia kuelekea nyeusi, toa moto, acha ipoe. Aluminiamu haikuonyeshi wekundu kabla ya kuyeyuka, inaondoka ghafla tu kama ugali uliomwagika, sabuni ndo inayokuambia. Basi, turudi kwenye Pijo.

Puti. Mnategemea niseme puti ni dhambi, wala sio dhambi. Niliweka puti kwenye zile fenda, lakini haikuzidi milimita 2 popote, na iliwekwa juu ya bati na praima ya epoksi, haikuziba tundu lolote. Puti ni unga wa mawe kwenye gundi, inanyonya maji kama sponji, ndo maana msiisugue kwa msasa wa maji, sugueni kavu, na ndo maana nyuma yake pawe na chuma kizima. Hadena yake, ile dawa ya kuigandisha, ni kidogo, kama asilimia 2 ya uzito, na kwa joto letu la Oktoba hata hiyo inakimbia, unachanganya unageuka kusalimia mtu imeshakuwa jiwe. Sasa mtu anataka iwahi zaidi anaminya tyubu nzima, ile ziada inapanda hadi kwenye rangi, gari jeupe linatoka na madoa ya manjano. Msasa 80, 180, 320, mi sina maajabu hapo, ila kitu kimoja: kabla ya msasa wa mwisho puliza ukungu mwepesi wa rangi nyeusi ya kopo, halafu sugua kwa ubao mrefu. Weusi utakaobaki ni bonde, palipofika chuma haraka ni kilima. Mkono unadanganywa na mazoea, weusi haudanganyiki.

Na kabla ya rangi, zirudishe kwenye gari. Zote mbili, na milango, na boneti, funga vyote. Fenda na mlango nafasi iwe ya njiti mbili za kiberiti kutoka juu mpaka chini. Yangu ya kushoto ilikuwa njiti mbili juu na chini njiti haiingii, na ningekuwa nimepuliza rangi tayari ningelia. Tulilegeza, tukaweka washa, vile vibati vya duara vya bolti, tukafunga, tukalegeza, siku nzima. Kijana wa mzee akapiga simu siku hiyohiyo kuuliza imefikia wapi, nikamwambia tunapima njiti za kiberiti, akakata simu.

Rangi nitapita haraka, mafundi rangi wako hapa wananijua mimi sio wao. Ila upepo wa hapa kwetu wote tunaujua, kuanzia Julai mpaka Oktoba vumbi linatembea kuanzia saa tano asubuhi. Mi napuliza saa kumi na mbili asubuhi, jana yake nimemwagia sakafu na uzio maji, na thina iwe ile ya taratibu ya sehemu za joto, ya haraka inakauka hewani kabla haijafika kwenye bati inakuwa kama mchanga. Na hili nalisema kwa hasira: rangi ya kuchanganya na hadena ina kitu kinaitwa aisosaneti, kinaharibu mapafu, kinaleta pumu isiyotoka. Kitambaa hakikizuii. Ile barakoa ya karatasi haikizuii. Na maziwa, vijana wangu, maziwa yanapita tumboni, rangi inapita kifuani, hazikutani. Nunueni barakoa ya vichujio vya kemikali, mnatoa hela ya kufunga spika kubwa kwenye gereji mnashindwa hiyo? Mi nimechelewa, ndo kikohozi mnachokisikia.

Upande wa ndani ndo nilitumia siku nyingi kuliko nje. Praima, rangi mbili, maungio yote nikaziba na silanti, halafu nta ya kupulizia. Sio oili chafu, oili chafu inakamata vumbi inatengeneza lile tofali tena na inaozesha mipira. Wala usipake lami ya chini juu ya kutu, umemfungia mwizi ndani na chakula. Na vile vitundu vya chini kwenye kona viacheni wazi, kiwanda hakikuvisahau, ndo njia ya maji kutokea. Mwaka ule mimi niliviziba na puti nikajiona nimefanya usafi.

Kuna mtu ameandika swali kwenye karatasi, mbona usingemtafutia mzee fenda nyingine. Fenda ya 404 nzima hapa utaitoa wapi, ukiipata kwa mtu wa chuma chakavu nayo ina wavu wa kuku ndani, pengine wavu wangu. Na swali la pili, ulilipwa shilingi ngapi. Kijana wa mzee alilipa wiki tatu tulizokubaliana. Hiyo miezi mingine nilimwambia ukweli, nikamwonyesha na gazeti, akalichukua kumpelekea baba yake. Mzee alikuja mwenyewe siku ya kuchukua gari, akazunguka, akapitisha kiganja kwenye fenda ya kulia mara mbili, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Safari hii umeweka gazeti la nani?"

Nimemaliza, chai ipo na vitumbua vipo. Sumaku naiacha hapa mezani na kanga yake, nje kuna gari tatu zimepaki, nendeni mkajifunze kusikia mkono unavyokuwa mwepesi. Mwenye ile Noah nyeupe, samahani sana kaka, nilishapita nayo wakati naingia, tukimaliza chai nione pembeni.